Niliagwa Kwenda Majuu, Nikafika Loresho

Wapendwa, nawasalimu asubuhi ya leo. Na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni kama watu wanaotaka kutoroka, nawasalimu pia. Mchungaji amenipa dakika kumi. Nimemwambia mimi ni mwalimu wa chekechea, dakika kumi kwetu ni za kuita majina tu. Kwa hivyo mnivumilie.

Wengi wenu hapa mnanijua. Baadhi yenu mlikula pilau yangu ya kuagwa. Nyinyi ndio nataka kuwaomba msamaha kwanza, kwa sababu mlimuaga mtu ambaye hakwenda popote. Chekeni tu, mimi mwenyewe siku hizi nacheka. Wakati ule sikucheka.

Ilikuwa hivi. Nilifunga ndoa katika kanisa hili hili, nikakaa na mume wangu miezi minane kwenye chumba cha kupanga hapa Uthiru. Yeye ni muuguzi. Kazi ya Uingereza aliyoomba kabla hatujaoana ikaitika, akaenda. Mpango wetu ulikuwa atangulie, na mimi nifuate baada ya miezi sita. Miezi sita ikawa mwaka na zaidi. Jumapili baada ya ibada alikuwa ananipigia kwa kadi ya simu inayokwisha katikati ya sentensi. Siku za kazi nilikuwa napita saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kusoma barua pepe zake, nikishasoma nafuta, kwa sababu wakati huo kisanduku chenyewe kilikuwa kinajaa haraka.

Barua za karatasi alikuwa anamwandikia mama yake, kama kijana aliyelelewa vizuri. Ukurasa wa kwanza ni habari za ng'ombe na magoti ya mama. Ukurasa wa mwisho unaanza, "Mwambie mke wangu." Mama mkwe alikuwa ananiita nimsomee, maana macho yake hayashiki herufi ndogo. Nikimaliza anaikunja na kuiweka sandukuni mwake. Hapo nilikuwa natosheka kabisa.

Siku ya mahojiano ya viza, ofisa wa dirishani akaniuliza kama mume wangu huniandikia. Nikasema huniandikia sana. Akaniuliza barua ziko wapi. Nikamwambia, "Ziko kwa mama yake."

Ndugu zangu, nawaambia, yule mtu aliniangalia kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Lakini niambieni nyinyi. Ningeenda vipi kwa mama mkwe nimwambie, "Mama, nipe barua alizokuandikia mwanao nimpelekee mtu nisiyemjua azisome"? Kwetu barua ni ya aliyeandikiwa. Niliona ni kukosa adabu, kwa hivyo sikumuomba. Nilipeleka cheti cha ndoa na picha za harusi, tena picha zenyewe nyingi ni za mashangazi.

Baada ya wiki kadhaa nikapigiwa simu kwamba pasipoti yangu iko tayari, niende mjini kuichukua. Nilisikia neno "tayari" tu. Sikuuliza tayari namna gani. Nikamwambia mama mwenyekiti wa kina mama, naye kwa furaha yake akatangaza hapa mbele. Jumamosi mkanifanyia sherehe. Mlinipa sanduku kubwa la magurudumu, sweta nne, na kilo tano za njahi, yale maharagwe meusi, ili nikijifungua huko ugenini nisikose chakula cha mzazi. Nami nikagawa vitu vyangu. Jiko likaenda, sufuria zikaenda, kitanda kikaenda. Shuleni nilikuwa nimeshaacha kazi. Ndege tulisema ni Jumatano, na mlikuwa mmeshakodi basi la kunisindikiza.

Jumatatu nikaenda mjini kuchukua bahasha. Niliifungulia bustani ya Jeevanjee, kwenye benchi, saa saba mchana, wakati wafanyakazi wamejaa pale kusikiliza wahubiri. Nikapekua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, hakuna kitu. Kisha nikasoma ile karatasi. Walikuwa wanasema hawajaridhika kwamba mimi na mume wangu ni watu wanaoishi kama mke na mume. Na mhubiri wa karibu yangu anapaza sauti, "Mlango umefunguliwa, dada yangu, ingia!"

Nilikaa pale nikiwa nimeshika karatasi, na kitu kilichoniuma kuliko vyote, niseme ukweli mbele ya Mungu, hakikuwa kumkosa mume wangu. Hiyo ilikuja baadaye. Kilichoniuma kwanza ni nyinyi. Niliona nyuso zenu, nikaona sweta nne, nikaona njahi. Nikasema, siwezi kurudi Uthiru.

Basi nikampigia mama mwenyekiti, nikamwambia tarehe ya ndege imebadilishwa, naondoka leo leo, basi halitawahi. Mama mkwe nikamuaga kwa simu. Alilia, akanibariki. Giza lilipoingia nikanyemelea Uthiru, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo, nikapakia sanduku langu kwenye teksi, nikaenda Loresho, kwa binamu yangu aliyekuwa mpishi katika jumba moja huko. Alikuwa na chumba nyuma ya jumba, na mwenye jumba, Mungu ambariki, akakubali nikae kwa muda.

Miezi minne! Watu wakijua niko Uingereza, na mimi niko Loresho nafua mapazia. Ukitoka hapa kwa miguu asubuhi unafika hata jua halijakuchoma. Nilikuwa natoka mara chache, kichwa nimekifunga leso mpaka kwenye nyusi.

Mume wangu alijua, maana yeye nilimwambia. Akataka tukate rufaa, na akataka tumwambie mama yake. Rufaa nikasema kesho. Mama yake nikasema usithubutu. Akakubali shingo upande. Lakini mama kila akimpigia anaomba kuongea na mkwe wake. Leo anaambiwa niko kazini, kesho nimelala, keshokutwa nina mafua. Siku moja mume wangu akaniambia, "Mchana nauguza wagonjwa, jioni namdanganya mama yangu. Mke wangu, mimi nimechoka."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia, "Wewe uko huko, aibu iko huku kwangu." Kadi ikakwisha hapo hapo. Jumapili iliyofuata hakupiga. Iliyofuata pia hakupiga. Hapo ndipo niliogopa hasa. Nilikuwa nimenyimwa viza, na sasa ndoa yenyewe nilikuwa naiua kwa mikono yangu miwili ili watu wasinicheke.

Siku moja binamu yangu alikuwa na kazi nyingi, akanituma soko la Kangemi. Nimeinama nachagua nyanya, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Na Uingereza nyanya ni bei gani?"

Sikuhitaji kugeuka. Sauti ya mama mwenyekiti mnaijua, haihitaji maikrofoni. Niligeuka, na badala ya kusema ukweli nikasema, "Mama, nimefika jana!"

Akaangalia leso yangu, akaangalia ndara nilizovaa. Akasema, "Jana. Sawa." Akachukua kikapu changu, akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka kwenye kibanda cha chai. Akaagiza chai mbili na mandazi. Akangoja nile. Ndipo akaniambia kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka machozi yananilenga.

Aliniambia, "Mimi sitakuuliza ulikuwa wapi. Lakini mama mkwe wako huja kila Alhamisi kwenye maombi yetu na ombi lake ni moja. Anasema, 'Mkwe wangu alifika huko akanikataa, hataki hata kusikia sauti yangu. Niombeeni nijue nilimkosea nini.'"

Kina mama, nilirudisha andazi kwenye sahani. Mwanamke aliyeniita nimsomee barua za mwanawe! Anatafuta dhambi yake mbele ya watu, na dhambi ni yangu.

Sikurudi Loresho. Nilimpa mtu nyanya ampelekee binamu yangu, nikaja Uthiru mchana kweupe na mama mwenyekiti. Mama mkwe tulimkuta uani anapepeta maharagwe. Aliponiona uteo ulimtoka mikononi. Nikapiga magoti pale pale kwenye maharagwe.

Mama mkwe akaniinua kidevu. Kisha akasema, "Kwani walikunyima?"

"Ndiyo, mama."

"Na chakula pia walikunyima? Mbona umekonda hivi?"

Nikamweleza yote, simu za uongo, Loresho, mapazia. Alikuwa ananisikiliza huku anaokota maharagwe moja moja. Nilipomaliza akasema, "Mimi nilifikiri ni wewe umenikataa mimi. Kumbe ni Wazungu wamekukataa wewe. Basi hiyo ni afadhali!" Akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akalia, na mimi nikalia, na mama mwenyekiti, ambaye hamjawahi kumwona akilia, akasema moshi umemwingia machoni. Hata moto haukuwashwa.

Siku hiyo hiyo mama mkwe alimpigia mwanawe. Alimgombeza kwanza, kama inavyostahili, ndipo akanipa simu. Mume wangu akasema, "Uko kwa mama?" Nikasema niko kwa mama. Nilimsikia anapumua kama mtu aliyetua gunia. Tangu hapo simu ya Jumapili haikukosa.

Alhamisi nikaja kwenu. Nilikuwa nimejiandaa kuzomewa. Na kweli mlinitania, kuna mtu aliniuliza kama Malkia hajambo. Lakini kabla wiki haijaisha jiko langu lilikuwa limerudi, na sufuria mbili zimerudi zikiwa zimesuguliwa kuliko nilivyozitoa. Mmoja wenu aliniambia kitanda harudishi, watoto wake wamekizoea. Nikamwambia kibaki. Mwalimu mkuu akanirudishia darasa langu.

Najua sasa mnangojea niseme nilipata viza. Sikupata.

Muda wa rufaa ulikuwa umepita nikiwa nafua mapazia. Aibu yangu ilinigharimu hilo pia, na sitaki kulificha. Tukaomba upya. Safari hii mama mkwe mwenyewe alifungua sanduku, akatoa barua zote, akaniambia, "Wapelekee. Wakizisoma wajue pia magoti yangu yanauma." Barua zikawaridhisha. Lakini wakaona mume wangu anaishi chumba kimoja na wenzake wawili, wakasema hakuna nafasi ya mke. Na hapo, ndugu zangu, walisema kweli, nafasi haikuwepo.

Bahasha ya pili sikuifungulia Jeevanjee. Nilikuja nayo mpaka uani kwa mama mkwe, nikaifungua mbele yake na mbele ya kina mama watatu. Nikaisoma kwa sauti. Ilikuwa habari ile ile, na nililia, msidhani sikulia. Lakini nililia nikiwa nimeshikwa. Jioni yake nilikula nikashiba, nikalala, na asubuhi nikaenda kufundisha watoto kuimba.

Mume wangu alimaliza mkataba wake mwaka uliofuata, akarudi. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema amehesabu Jumapili, zimetosha. Ile safari ya uwanja wa ndege niliyowanyima, mlikwenda basi zima kumpokea, mkaimba mpaka askari akaja kuuliza ni mheshimiwa gani anayefika. Sasa anafanya kazi hospitali hapa hapa Nairobi. Mshahara si ule wa huko, siwadanganyi tena. Wako wanaotwambia tulipoteza bahati. Wacha waseme. Mimi nikisikia viatu vyake mlangoni jioni sioni nilichopoteza. Tuna msichana wa miaka miwili, ana jina la mama mkwe, na ukali wake pia.

Nataka kushukuru. Namshukuru Mungu. Namshukuru binamu yangu, aliyenificha ingawa kila siku aliniambia niache upumbavu. Nakushukuru mama mwenyekiti kwa ile chai, na kwa swali ambalo hukuniuliza. Namshukuru mume wangu, aliyechoka na uongo kabla yangu. Na wewe mama, uliyekaa pale mbele unajifanya husikii, asante. Nilikuacha miezi minne ukiomba msamaha kwa kosa langu, na ulipojua ukanipa chakula.

Nilichojifunza ni hiki. Kunyimwa kulikuwa mikononi mwa watu wengine. Kujificha kulikuwa mikononi mwangu, na ndiko kulikokaribia kunimaliza. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na mimi nilikwenda kuuficha wangu Loresho.

Kama kuna mtu hapa leo aliyeagwa na hakwenda, aliyeajiriwa akafutwa, aliyetangaza harusi ikavunjika, naye anapita njia za nyuma asikutane na sisi, nakuomba. Alhamisi tunakutana saa nane mchana. Njoo. Tutakutania kidogo, hilo siwezi kukuahidi kwamba halitakuwepo. Lakini hatutakuuliza ulikuwa wapi. Tutasogea tu kwenye benchi, upate pa kukaa.