Siku Mdomo wa Bi Mwatum Ulipokwenda Upande

Assalamu alaikum. Enyi mliokuja kuomboleza nasi hapa Konde, kwa ruhusa ya wazee, familia inawasomea maisha ya marehemu Bi Mwatum binti Nyange, pamoja na siku zake za mwisho, ambazo mdogo wake, Bi Kazija, ameagiza zisomwe bila ya kufichwa.

Marehemu alizaliwa Micheweni mwaka 1898, akasoma chuoni na kuhitimu msahafu mwaka 1910, kisha akajifunza kushona kofia za viua, kazi aliyoifanya miaka thelathini na sita, na zipo kofia zake vichwani mwa baadhi yenu mliokaa hapa. Tarehe 11 Februari 1919 aliolewa na Bwana Mjaka Hamad, akahamia Konde, wakajaaliwa watoto wawili, Khairiya mwaka 1921 na Hamad mwaka 1925.

Jumatatu, tarehe 3 Juni mwaka huu wa 1946, asubuhi, akishona pamoja na Bi Kazija, sindano ilimponyoka mkono wa kulia, akaiokota, ikamponyoka tena, mdomo ukaenda upande na maneno yakamtoka mazito, na Bi Kazija akacheka, akamwambia, "Dada, leo umekula tambuu ya nani?" Alipoona si mzaha alipiga kelele, na jirani yetu Bwana Suud, mwenye lori, akaja mbio akasema, "Mpakieni, nnampeleka hospitali Wete sasa hivi." Bi Kazija akamjibu, "Huyo shetani wa mama, kamrithi yeye, Bwana Suud, anataka chano chake, hospitali wanamjua?" Mganga akaitwa, ubani ukafukizwa, na kabla wali haujaiva mdomo ukarudi mahala pake.

Kurudi huko ndiko kulikotuhadaa. Tuliandaa chano, sinia ya kumridhisha shetani, kwa mayai, halua na mbuzi mzima, tukala mpaka mafuta yakatuchuruzika viwikoni, na marehemu amekaa kando anasugua vidole, akisema mara mbili kuwa vina ganzi na kuwa anataka kwenda Wete, akaambiwa asimuudhi mgeni wake, yaani huyo shetani.

Ijumaa, tarehe 14 Juni, alianguka jikoni, mkono na mguu wa kulia havina uhai, na neno halimtoki. Bwana Suud alileta lori mpaka mlangoni, akaambiwa asubiri mganga, akasubiri tangu asubuhi hadi alasiri. Ndani, kwato ilichomwa chini ya pua ya marehemu, akamiminiwa maji ya kombe, ya aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa, katika kinywa kisichofumba, maji ya zafarani yakamrudi puani, nzi wakamtua kidevuni, na Bi Kazija akamshika kichwa akammiminia tena, akisema, "Kunywa, dada, kunywa, atatoka."

Bi Kazija hamlaumu mganga, aliyefanya alivyofunzwa na baba yake, wala hawalaumu waliokula. Kinyaa alichonacho ni cha mkono wake mwenyewe, na cha kile kicheko.

Alasiri hiyo ndipo lori la Bwana Suud lilipomchukua marehemu hadi hospitali Wete, na daktari wa huko alisema maji yameingia mapafuni, na kuwa lile la siku ya kwanza, ingawa liliondoka, lilikuwa onyo la kiharusi. Hakuahidi kuwa angempoza, alisema tu kuwa tungempeleka siku ile angemwona mapema, na angetukataza kumnywesha mtu asiyeweza kumeza. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 20 Juni, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arubaini na minane.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wake, majirani waliochimba kaburi, na washonaji wenzake waliokesha nasi. Bwana Suud tunamshukuru, na mbele yenu tunamtaka radhi.

Bi Kazija ana ombi moja kwenu: mkimwona mtu mdomo umekwenda upande, au mkono umelegea, au maneno yamemwia mazito, hata yakimwondokea papo hapo, msimtie kitu kinywani, msingoje mtu, mpelekeni. Na amesema tuyasome maneno yake kama alivyoyatamka: "Ikinipata mie, nikapiga kelele kuwa ni shetani wa mama, msinisikilize. Nipakieni."

Bi Mwatum, Mola akupe raha huko ulikotangulia, nasi atusamehe. Amin.