Kifaa cha Sikio la Mama

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea, na niseme mapema kwamba nasoma kwa uchungu na kwa hasira pia, maana kaka ametuchosha.

Huyu mliyemwita Fundi Masikio alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akasoma shule ya mtaani, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu uhandisi wa elektroniki mwaka 1998, na kote huko walimu walilalamika kwamba haachii karatasi ya mtihani mpaka anyang'anywe.

Mwaka 2001 aliajiriwa na kiwanda cha vifaa vya hospitali, mwaka 2004 akamwoa wifi yangu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka 2016, masikio ya mama yalipoziba, akamwahidi kifaa cha kumsaidia kusikia.

Hapo ndipo yalipoanza. Kiwandani watu wa chipu walikaa ghorofa ya juu, watu wa programu ya chini, kila upande ukafanya yake kivyake, na walipounganisha, sauti ikachelewa, mdomo umeshafungwa ndipo neno linaingia sikioni, wakaanza kutupiana lawama, naye akawaburuta wote kwenye meza moja, wapange pamoja tangu mwanzo kipi kifanywe na chipu na kipi na programu. Vizuri sana, lakini jamani, angeishia hapo! Mara kazi ya kuchuja kelele aipe programu, betri iishe kabla ya mchana, mara aihamishie kwenye chipu, na chipu ikishatengenezwa hairekebishiki, kasoro ikionekana anaanza upya. Mwaka juzi walipata kifaa kizuri tu, wifi akamsihi ampe mama hicho hicho, akajibu kwamba mama yake hapewi kitu nusu nusu, na mama wa watu akaendelea kutukodolea macho midomoni.

Figo zilimlaza Agosti mwaka jana, daktari akamnyang'anya kompyuta, akaipata tena sijui kwa nani, na akafariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, bado anarekebisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kutubebea viti, na wafanyakazi wenzake, ambao juzi, wa juu na wa chini, walikaa kwenye ile meza bila mtu wa kuwaambia subirini kidogo, wakakubaliana kwamba kile cha mwaka juzi kinatosha, na jana wakakileta. Mama anacho sikioni sasa hivi, amekaa pale mbele, ananisikia kila neno, ila sauti ya mwanawe, aliyoitamani kuliko zote, hataisikia tena.

Kaka, ulikuwa unasubiri nini? Haya, acha kazi sasa, pumzika kwa amani.