Begi Lililopigwa Kufuli

Basi lilikuwa linajikokota kwenye foleni, mvua ikipiga madirisha, na fundi cherehani aliyeketi kiti cha nyuma hakuwa na la kufanya ila kusikiliza ya watu. Mbele yake fundi rangi, suruali imejaa madoa ya chokaa, alikuwa anamsifia mama mmoja asiyemjua begi la dharura aliloliweka nyumbani kwake.

"Tochi, maji, dawa za watoto, vyeti, vyote vimo. Mafuriko yaje tu, dada yangu!"

Fundi cherehani akajisemea moyoni kwamba anayeyakaribisha hivyo hajawahi kuzoa matope chumbani.

"Hata sisi tulikuwa nalo," mama akasema. "Wajukuu wakachomoa betri za tochi, wakatia kwenye rimoti. Maji yalipoingia, umeme ukakatika, giza totoro. Mama mkwe wangu tulimtafuta kwa kupapasa. Tulimpata kulipokucha, nyuma ya mlango."

"Pole sana, dada. Ndiyo maana mimi langu nimelipiga kufuli. Haligusi mtu."

"Haya, ufunguo anao nani?"

"Mimi mwenyewe! Wale wa nyumbani siwaamini hata kidogo." Akauchomoa mfukoni, akauning'iniza kwa madaha.

Mama akautazama, kisha akatazama maji yaliyokuwa yanapanda ngazi ya mlango wa basi.

"Na sasa hivi nyumbani yuko nani?"

"Mama watoto," akajibu, "na watoto."

Akaufumbata ufunguo kiganjani. Dereva akazima injini, maana barabara mbele ilikuwa haionekani tena.