Filamu Ambayo Mkewe Hakuifungua

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba radi ikipiga tu, mtoto huyo alitafutwa chini ya meza ya cherehani, akapatikana amejifunika mabaki ya vitambaa.

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1973. Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa mtunza ghala katika kiwanda cha sabuni. Hapo alinunua kamera kuukuu kwa msimamizi aliyekuwa anastaafu, akawa anawapiga picha wenzake saa ya chakula, kwa kujifurahisha. Picha zilipendwa, akaanza kuitwa kwenye mahafali na harusi.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa. Kwa miaka minne mkewe alimwona akiandika barua ya kuacha kazi na kuichana.

“Tukilala njaa je, mama watoto?”

“Tutalala njaa tukiwa na picha.”

Mwaka 1991 aliipeleka barua, akafungua studio ya chumba kimoja. Mkewe, ambaye hakusoma, alijifunza kusafisha picha gizani.

Jumamosi tarehe 24 Aprili 1993 alipiga picha za harusi ya binti wa mwenye bucha; bibi harusi alikuwa na kaka wanne. Jumapili mchana alipofungua kamera studioni, alikuta filamu haikushika kwenye meno ya kuivutia. Kamera ilikuwa imehesabu picha thelathini na sita. Filamu haikusogea hata kidogo. Marehemu aliketi sakafuni. Kaka wanne walikuwa tayari wanavuka barabara kuja kuulizia picha.

“Sema umeifungua wewe kwenye mwanga, ikaungua, hukujua,” alimnong’oneza mkewe. “Wewe hawatakupiga.”

Akajifungia chumba cha giza. Mkewe alisimama mlangoni, akasema alivyoambiwa. Hawakumpiga. Walimtukana mpaka mtaa mzima ukasimama kumtazama.

Tangu siku hiyo akaitwa Mama Unguza. “Ficheni picha zenu, huyo anapita!” Wateja walimwonea huruma marehemu, wakaongezeka. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto wote watatu, na hilo halikataliwi. Mkewe hakukanyaga tena studioni. Hata akifika karibu yake, alivuka upande wa pili wa barabara.

Novemba 2013 figo za marehemu zilianza kushindwa. Mkewe alimuuguza, na mara tatu alimsihi: “Waambie ndugu zako, mume wangu. Usiniachie jina hili.”

“Kesho,” alijibu kila mara.

Siku moja kaka mkubwa wa marehemu alikuja hospitalini na utani wake: “Mama Unguza, mgonjwa huyu usije ukamfungua!” Wodi ikacheka. Marehemu aligeukia ukutani. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2014, saa tatu asubuhi.

Jana wakubwa wa familia waliagiza habari ya harusi ile iondolewe katika wasifu huu, marehemu asiaibike mbele za watu. Mjane aliogopa sana, lakini alikataa. Haikuondolewa. Binti yao wa kwanza amekubali kuusoma, wote.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili na kaka wawili. Alipendwa. Mungu amlaze mahali pasipo na mtu wa kumwogopa.