Barua ya Mwalimu Ambrosi Iliyomngoja Dionis

Mwalimu Ambrosi Lukas Chilumba alizaliwa hapa Rondo tarehe 14 Mei 1907, katika njaa iliyofuata vita vya Maji Maji. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Lukas na mama Rosalia, ambaye amekaa pale mbele mkekani. Mama anasema alizaliwa mdogo kiasi kwamba majirani walimshauri asijisumbue kumpa jina.

Alianza shule ya misheni mwaka 1919 na kumaliza chuo cha ualimu mwaka 1928. Chuoni walikuwa na desturi moja: maandishi hayakutoka mkononi mwa mwandishi mpaka mwenzake ameyasoma. Wenzake waliiacha desturi hiyo langoni siku ya kuondoka. Yeye alikuja nayo nyumbani.

Tangu mwaka 1931 alifundisha Kiingereza katika shule yetu. Kitabu cha sarufi kilikuwa kimoja, cha mwalimu, basi kanuni zote alizinakili kwenye daftari lenye jalada jeusi. Vitenzi alivifundisha kwa miguu. Mwanafunzi alitembea mpaka kwenye mkorosho akisema anatembea, akageuka akasema ametembea, kisha akaeleza darasa faida ya kutembea, ili waone kitenzi kinavyoweza kufanya kazi ya jina. Vile vitenzi visivyofuata kanuni aliviita vitundu, na kila asubuhi viliitwa kwa zamu kama watoro. Siku ya kufundisha kulinganisha, aliwapanga wanafunzi watatu: mrefu, mrefu zaidi, mrefu kuliko wote. Kisha akataka kuwapanga wafupi. Bakary, aliyejua nafasi yake, akaanza kulia. Mwalimu akapiga magoti mwisho wa mstari, akawa yeye mfupi kuliko wote, na somo likaendelea. Bakary leo ni mmoja wa waliobeba jeneza.

Alifunga ndoa na Tekla, binti wa mzee Yohana wa Mitwero, tarehe 3 Septemba 1932. Barua ya posa aliiandika mara nne, na kila nakala ilitafutiwa msomaji wa pili. Mdogo wake Sipriani, anayesoma maneno haya, ndiye aliyeipeleka, akakuta wageni wengine wameshakaribishwa barazani kwa shughuli hiyo hiyo, bahati yetu walikuwa hawajajibiwa. Kwa miaka kumi na sita tuliicheka habari hiyo nyumbani, na marehemu alicheka kuliko sisi.

Jumamosi iliyopita, tarehe 5 Machi 1949, tumbo lilimkamata akiwa darasani. Jumapili dresa wa zahanati alisema machela haitamfikisha hai, aombewe gari Lindi siku ile ile. Marehemu akaomba kalamu. Akaandika barua ya Kiingereza, ukurasa mmoja, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Akasema itapelekwa Lindi baada ya Dionis kuisoma. Dionis, mwanafunzi wake wa zamani na karani, ndiye peke yake hapa aliyekijua Kiingereza cha kutosha. Naye alikuwa Kikole kwa wakwe zake, na mto Mbwemkuru ulikuwa umefurika.

Tulikaa. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu Sipriani haoni namna ya kulisema vizuri. Jumatatu tulikaa, Jumanne tulikaa. Tarishi alikuwa na baiskeli yake mlangoni, barua ilikuwa chini ya mto, na watu wazima tulizunguka kitanda tukimtazama ndugu yetu akikunja magoti kwa maumivu. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumnyang'anya kaka mkubwa karatasi yake. Sipriani alinyoosha mkono mara moja, akatazamwa, akaurudisha.

Mkewe alimwambia, "Baba Genoveva, tuandike kwa Kiswahili. Hata mimi nitaandika."

Akajibu, "Miaka kumi na minane nawafundisha watu barua ya ofisini. Leo niombe gari kwa Kiswahili, wanafunzi wangu watasema nini? Mngojeeni Dionis."

Jumatano Tekla aliandika bila kumwambia mtu, mistari mitatu: mume wangu anaumwa sana, tunaomba gari, tuko Rondo shuleni. Tarishi akaondoka nayo. Mwalimu Ambrosi alifariki jana, Ijumaa tarehe 11 Machi, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Gari lilifika saa nne. Dereva alisema bwana wa ofisini aliisoma barua ya mama amesimama, akamwambia aondoke pale pale. Tekla akamuuliza kama Kiswahili kilimtatiza. Dereva akasema hapana, bwana huyo anakisoma kila siku.

Mtani wetu Kondo alifanya kazi yake asubuhi hii. Aliziba mlango, jeneza lisitoke, akisema Mwalimu hazikwi mpaka barua yake imesomwa na mtu wa pili. Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika, kwani Dionis alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani, matope mpaka kiunoni. Kondo akampa karatasi. Dionis akaisoma kwa sauti mpaka mwisho, akairudia kimya. Akasema, "Haina kosa hata moja." Ndipo Kondo akaondoka mlangoni.

Marehemu ameacha mama yake Rosalia, mkewe Tekla, watoto watatu, Genoveva, Dadi na Scholastica, mdogo wake Sipriani, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu. Daftari jeusi litabaki shuleni. Barua tumemwekea mfukoni.

Kaka, Mungu akupe pumziko. Imesomwa.