Kibanja cha Chini ni cha Kokugonza

Sogeeni karibu, wanangu, na mlango uacheni wazi, maana ninayotaka kusema leo sitaki kesho yaje kudaiwa kuwa yalinong'onwa chumbani na mgonjwa aliyepotewa na akili. Klaudia, niinue kidogo. Hapo, basi. Clavery, chukua kalamu yako ya bomani ukae mahali ninapouona uso wako. Nyinyi wazee wa ukoo mlioketi barazani, najua kilichowaleta, na si homa yangu. Mmekuja kusikia kibanja cha chini, lile shamba la chini ya kisima, kinakwenda kwa nani. Mtasikia. Na wewe, Mzee Muharami, ahsante kwa kuacha nyumba yako Bukoba mjini na kupanda mpaka Kamachumu na magoti hayo mabovu. Nimekuita kwa sababu katika wote waliokuwa kwenye lile hema la mtoni, waliobaki hai ni wewe na mimi, na mimi sina siku nyingi.

Kokugonza yuko wapi? Jikoni? Mwiteni aje akae hapa mbele. Si mlangoni, nimesema hapa mbele.

Madogo kwanza, niyaondoe njiani. Nyumba hii na migomba inayoizunguka mpaka kisimani ni ya Clavery, kwa kuwa ndiye mwanangu wa kiume na ndiyo desturi yetu. Mibuni ya upande wa kanisa ni ya Klaudia, na anayetaka kusema mwanamke hapewi mibuni aseme sasa hivi, wakati bado nina pumzi ya kumjibu. Ugomvi wangu na jirani yangu Mutembei juu ya mbuzi aliyemaliza maharage yangu nimeusamehe, ingawa mbuzi yule alikuwa wake na yeye mwenyewe anajua. Nizikeni karibu na mama yenu, na padri asihubiri kwa muda mrefu.

Sasa kibanja cha chini. Clavery, juzi ulikaa hapo hapo ukanieleza kwa upole na kwa elimu yako yote. Ukasema, "Tata, siku ulipompokea Mwijage ulimwambia mbele ya watu akae kwa sasa. Hayo yalikuwa makubaliano ya awali. Makubaliano ya mwisho hayakufanyika, Mwijage amekufa, na binti yake Kokugonza hana cha kushika." Ukaniambia hata mataifa makubwa yanapokaa mezani huanza na maneno ya awali, na maneno hayo hayamfungi mtu mpaka karatasi ya mwisho isainiwe. Nikanyamaza, ukadhani nimekubali, ukaenda kupima kwa hatua mahali pa kujenga nyumba yako ya bati. Mwanangu, nilinyamaza kwa uchungu. Maneno hayo niliambiwa na mzungu mwaka wa ishirini na nne, nikashindwa kumjibu kwa sababu alikuwa bwana wangu na nilikuwa nakula mkate wake. Sasa nayasikia kwa mtoto niliyemzaa, na safari hii hakuna wa kunifunga mdomo.

Mnajua nilikuwa mkalimani. Mjerumani alikuwa ameondoka, Mwingereza amekaa bomani Bukoba, na huko magharibi, ng'ambo ya mto Kagera, kulikuwa na kilima ambacho wazungu wa pande mbili, wa kwetu na wa ng'ambo, walikuwa hawajaamua ni cha nani. Wakapiga hema ukingoni wakazungumza siku tano, mimi nikisimama katikati, na Mzee Muharami huyu akiwapikia. Siku ya tano wakaandika kwamba watu wa kilimani watabaki na vibanja vyao, watakuwa chini ya upande wetu, na hakuna atakayewahamisha. Wakatia saini, wakapeana mikono, wakanywa. Bwana wangu akaniita kando akasema, "Vuka uwaambie watulie, walime. Lakini haya ni ya awali, yanangoja wakubwa wetu wa Ulaya." Muharami alikuwa anamimina chai, alisikia. Ulisikia au hukusikia? Haya. Anaitikia kwa kichwa, mmemwona.

Nikavuka. Nikamkuta Mwijage ameanza kubomoa nyumba yake ahame kabla ya kuhamishwa, nyasi za paa ziko chini, nguzo mbili zimeng'olewa, na mkewe Joviana amekwisha kufunga vyungu vyake kwa majani ya mgomba. Akaniuliza, "Waitu, neno hili limekwisha, au bado wanazungumza?" Nikamjibu, "Limekwisha."

Hilo ndilo sijawaambia kwa miaka thelathini. Nilijua halijakwisha. Nilijiambia, mkubwa gani wa Ulaya atakayeacha chakula chake agombanie kilima kimoja cha migomba? Tena nilipenda kupokelewa vizuri. Walinichinjia, wakanipa lubisi ya ndizi ninywe, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikakaa kwenye kigoda nikijiona ndiye niliyewapa nchi. Nilikuwa kijana mpumbavu mwenye kofia ya serikali.

Mwijage hakuwa mpumbavu. Akasema, "Kama limekwisha, basi tule kahawa." Nyinyi mliosomeshwa misheni mnaona haya kulitaja, lakini mimi nitalitaja. Akapasua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, akajichanja tumboni, nami nikajichanja, kila punje ikapakwa damu, yake nikaimeza mimi na yangu akaimeza yeye. Huo ndio omukago, undugu wa damu. Tangu siku ile shida yake ni yangu na mtoto wake ni wangu, na hakuna mahali pa kwenda kuuvunja. Padri aliniambia kwenye kitubio kwamba ni upagani. Nikapokea malipizi, nikasali rozari zote alizonipa, na omukago nikabaki nao. Kisha Mwijage akarudisha nguzo zake chini na akaezeka paa upya.

Miaka miwili baadaye karatasi ya mwisho ikaja kutoka Ulaya, na kilima kimekwenda upande wa pili. Wale waliokuwa wamejiandikisha upande wetu wakaonekana wasaliti, vibanja vyao wakapewa watu wengine. Nikaenda kwa bwana wangu nikamuuliza habari za ile saini niliyoiona kwa macho yangu. Wala hakukasirika. Akaniambia, "Yale yalikuwa ya awali, hayakumfunga mtu." Akaendelea kunyoa ndevu.

Mwijage alivuka wakati wa mvua za masika, Joviana akiwa na homa. Mkewe hakufika. Alimzika njiani kwa jembe la kuazima. Akaja mpaka mlangoni pangu hapa na mtoto wa miaka sita mgongoni, ambaye ni huyu Kokugonza, na hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliniuliza tu pa kumlaza mtoto.

Na mimi nikafanya nini? Baba zenu, nyinyi mlioko barazani, walikuwa wamekaa hapo hapo mnapokaa, wamekunja nyuso, mgeni asipewe ardhi ya ukoo. Nikawaogopa. Nikamwonyesha kibanja cha chini nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Kaa hapa kwa sasa." Nilijiachia mlango wa kutokea. Nilimfanyia yale yale tuliyofanyiwa, tena mimi sikuwa na bahari katikati yetu ya kujifichia. Nilikuwa namwona kila asubuhi akienda kisimani.

Mnakumbuka mlivyokuwa mkimcheka? Kamachumu nzima watu wanapanda kahawa, wanajenga, wanasomesha, na Mwijage analima maharage na viazi vikuu tu. Mkamwita mvivu, na wewe Clavery ulimtungia jina. Alikuwa haogopi kazi. Mbuni unausubiri miaka, na mtu aliyeambiwa "kwa sasa" hawezi kupanda kitu cha kusubiri. Alikaa miaka ishirini na miwili kwenye udongo mzuri kuliko wote nilionao, akafa bila kupanda mbuni hata mmoja, na mimi niliyekuwa naweza kumwambia neno moja tu sikumwambia. Kila mwaka nilisema mwakani. Naona aibu, wanangu. Naona aibu hata mbele ya blanketi hili.

Maji. Kidogo. Asante, Klaudia.

Clavery, hoja yako nimeitafakari, usidhani nimeidharau. Ulisema kama kila neno la kwanza lingekuwa pingu, hakuna ambaye angethubutu kufungua kinywa mezani. Ni kweli. Hata tunapokwenda kuposa, tunasema hili, tunarudi, tunasema lile, na hakuna anayemshitaki mwenzake. Maadamu kila mtu bado amekaa kwake, neno la awali na liwe la awali, ligeuzwe hata mara kumi. Lakini Mwijage alirudisha nguzo zake. Alikuwa na njia ya kuondoka kiangazi, mke mzima, ng'ombe wake mbele yake, akaiacha njia hiyo kwa sababu ya neno letu. Tangu pale neno lile lilikuwa limekwisha kutumika, na huwezi kumrudia mtu aliyelitumia ukamwambia ulikuwa unajaribu tu. Wale wa Ulaya hawakutaka kulijua hilo. Wewe utalijua, kwa sababu wewe si wa Ulaya, ni wangu.

Tena utalihitaji. Nimesikia mnavyozungumza mwaka huu, tangu wale wageni wa Umoja wa Mataifa walipopita Bukoba, kwamba siku moja mtakaa mezani mdai nchi hii. Kaeni! Daini, msiinamishe vichwa. Lakini watawapa karatasi nzuri ya awali, watawaambia nendeni mkawatulize watu, na nyinyi mtapenda vigelegele kama nilivyovipenda mimi. Siku hiyo waulize mbele ya watu wote ni nani atakayelipa ikigeuka. Na kama hawajibu, usivuke mto kwenda kumwambia mtu limekwisha.

Sasa andika. Kibanja cha chini, kuanzia kisimani mpaka kijitoni, ni cha Kokugonza binti Mwijage, na cha watoto wake, naye apande... Hapana. Weka kalamu chini. Weka chini nimesema!

Ninaandika nini? Wosia nao haujawa kitu mpaka nife, na nikisha kufa sitakuwapo kuulizwa. Mtaanua tanga, hawa wa barazani watakohoa, mmoja atasema mgonjwa alikuwa anaweweseka, na wewe utapata neno zuri la kiofisi. Mimi nimeyaona hayo. Siwaachii karatasi ya kungoja. Itafanyika leo, jua likiwa linawaka na mimi nikiwa napumua.

Klaudia amekata miche ya mlamula asubuhi ili ipandwe baada ya mazishi, iko nyuma ya jiko. Hakuna Mhaya asiyejua mlamula ukisimama ni mpaka, na hakuna anayeung'oa akabaki na heshima yake. Clavery, chukua jembe. Panda mstari wote, wewe kwa mikono yako, kwa kuwa ni wewe uliyetaka kukichukua kibanja. Kokugonza asimame upande wake. Wazee watazame. Mzee Muharami atazame, naye akawaambie wa mjini.

Mbona unatazama chini? Clavery. Nakuambia inuka.

Huinuki.

Basi. Klaudia, ondoa blanketi. Nipe fimbo yangu. Nimesema ondoa! Muharami, nipe bega, ndugu yangu, uliwahi kunibeba nikiwa na malaria, nibebe mpaka pale kisimani. Nitachimba mwenyewe. Niacheni, siwezi kufa zaidi ya ninavyokufa sasa... mguu huu... shika... hapa... niacheni, nasema...

Ahaa. Umesimama, Clavery. Nirudisheni. Nirudisheni taratibu.

Usilie, mwanangu. Kama ni kulia, lia huku unachimba. Sikukasirikii, nilikuwa na umri wako nilipofanya baya zaidi. Nenda. Kokugonza, mfuate. Na wewe nisamehe kwa baba yako na kwa mama yako, kama unaweza, na kama huwezi, kibanja ni chako vile vile.

Lifungueni na dirisha.

Ndilo hilo? Ndilo jembe hilo ninalosikia? Udongo wa kisimani ni mgumu, mwambieni... aanze na ncha... Mungu wa baba zangu ampe nguvu za mkono huo. Ampe watoto wasemao neno na kulisimamia. Klaudia, nawe... nawe Mungu akuzidishie, umenitunza vizuri. Nyinyi wazee nendeni mkaone, msikae hapo kunisikiliza mimi, mimi nimemaliza.

Miche mingapi sasa? Mitatu. Bado... bado kijitoni ni mbali.

Klaudia. Mwambie asirudi ndani kunitazama. Hata akisikia nimenyamaza. Na nyinyi mkiniona... funikeni uso, mkae kimya... kilio kisianze... mpaka mche wa mwisho uingie ardhini.