Mama Pindo Anaweka Mkasi Chini

Baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu ya kofia, Mama Pindo anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Tunasema rasmi kwa sababu amekwisha kustaafu mara mbili kabla ya hapa, na mara zote mbili alirudi kabla kiti chake hakijapoa. Aliyemrudisha ndiye anayeandika wasifu huu, na mambo yote yataelezwa kwa utaratibu.

Aliingia kazini akiwa msichana, akapewa ufagio wa kukusanya mabaki ya sufu chini ya meza. Bwana Kalibu, yule anayeshindilia sufu ya moto juu ya kalibu za mbao mpaka iwe kofia, anakumbuka kwamba msichana huyo aliokota vipande vya utepe na kuvishonea kwenye mabaki yale yale aliyotumwa kuyatupa. Msimamizi wa wakati ule alipoona, alimnyang'anya ufagio, akampa sindano. Tangu hapo kofia za pama hazitoki hapa bila kupita mikononi mwake, na jina lake la kuzaliwa likapotea kabisa. Mumewe alipokuja kumuulizia langoni kwa jina hilo, mlinzi alimwapia kwamba mtu huyo hayupo na hajawahi kuwapo. Shemeji yetu alikaa juani mpaka saa ya kutoka. Mlinzi humpigia saluti hadi leo.

Kwa wageni wetu, kazi yenyewe ni hii. Kofia ikitoka kwenye kalibu, ukingo wake huwa umekwenda kombo huku na huku. Mama Pindo huupunguza kwa kisu, akizungusha kofia badala ya kisu, mpaka libaki duara safi. Kisha hupitisha pasi ya mvuke juu ya utepe huku akiupinda taratibu, ili uzoee kuzunguka kabla haujafika kwenye kofia. Ndipo huukunja ukumbatie ukingo juu na chini, akaupiga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza tu, akaushona kwa mishono isiyoonekana, akianzia kushoto, mahali ambapo fundo la utepe litaficha maungio.

Inasomeka kirahisi. Mwandishi aliielewa yote siku ya kwanza, akaiandika kwenye shajara yake pamoja na tarehe, akapigia mstari, kisha akaketi na kuharibu kofia.

Tatizo ni mkono. Ukivuta utepe mno, ukingo unajikunja na kofia inakuwa bakuli. Ukiulegeza, unapata mawimbi. Mama Pindo alitufundisha kwamba utepe ushikwe kama mkono wa mtoto mnapovuka barabara: asichomoke, wala asilie. Mwandishi amewaliza wengi na kuwapoteza waliobaki. Ndiyo maana karakana nzima humwita Mawimbi, na mpiga pasi, mtu asiye na huruma, humsalimu kila asubuhi kwa kumuuliza leo bahari ikoje.

Mama Pindo hakugomba hata siku moja. Alichukua kofia yako, akaifumua kimya kimya, akakutundikia utepe begani, akaenda zake kunywa chai. Kuna kipindi mwandishi alitembea humu ndani akiwa na tepe mabegani kama jenerali.

Hata nje ya kazi hawezi kujizuia. Sindano yenye uzi hukaa kwenye ukosi wa gauni lake. Katika arusi ya mpwa wake alikaa nyuma ya mzee mmoja ambaye utepe wa kofia yake ulikuwa umeachia. Hotuba ya baba wa bwana arusi ilipokwisha, utepe ulikuwa umeshonwa, kofia ikiwa kichwani. Mzee alijua tu alipotaka kuinuka, akakuta bado ameunganishwa na Mama Pindo kwa uzi.

Turudi kwenye kustaafu. Binti yake amekwisha kumtayarishia chumba, na wajukuu wamekwisha kugombana nani atalala naye. Mara ya kwanza aliaga, tukala keki, na Jumatatu akaja kuchungulia tu. Akaichukua kofia iliyokuwa mbele ya mwandishi, akaitazama kama daktari anavyotazama picha ya mfupa, akavuta kiti. Mara ya pili hatukununua keki. Wajukuu wanaojiuliza bibi yao amechelewa wapi, jibu lao linaitwa Mawimbi.

Mwezi uliopita, tarehe 12, tulikuwa na kofia mbili za rangi ya maziwa za mteja mmoja, kubwa na ndogo, zilizopishana kipimo kimoja tu. Mama Pindo alishona kubwa, mwandishi akashona ndogo. Wakati wa chakula mpiga pasi alizisogeza ili apate nafasi. Mama Pindo aliporudi aliketi, akachukua moja, akaguna. "Mawimbi, mwanangu, hapa umemliza mtoto," akasema, na mkasi ukaanza kazi. Alikuwa amefika nusu ya duara mpiga pasi aliposogea na kuchungulia kibandiko cha kipimo ndani ya kofia. "Mama," akasema polepole, "hiyo si ile kubwa?"

Mama Pindo alisoma kibandiko, akavua miwani, akaifuta, akakisoma tena. Kisha akacheka mpaka akashika meza. "Basi," akasema, "sasa naweza kwenda kwa binti yangu."

Mwandishi angependa kuandika hapa kwamba kazi yake hatimaye imefanana na ya fundi mkuu. Mpiga pasi anasisitiza kwamba ni miwani iliyokuwa na mvuke. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba Mama Pindo alishona upya ya kwake, akaichukua ile ndogo, akaizungusha yote chini ya taa, na akairudisha mezani bila kuigusa kwa mkasi.

Mama Pindo, zawadi yako ya leo ni kofia. Ukingo wake umeshonwa na Mawimbi peke yake, mwanzo hadi mwisho. Mlinzi ameagizwa achukue mkasi wako mlangoni, ingawa tunajua kilichomo kwenye ukosi. Asante kwa kila utepe uliotuvisha begani. Nenda ukapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na afya isikuache. Siku ukipita mtaa huu, pita upande wa dirisha letu, kofia ikiwa kichwani. Mtu mmoja hapa ndani atasimama kuutazama ukingo, na hatauliza kama umeushona upya.